Mguu wa Kuazima Mpaka Jumamosi

Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi, na ninauandika kama ulivyokuwa kwa sababu baadaye kila mtu aliusimulia kwa namna yake: "Jamani, mguu umekatika leo mazoezini. Nimejaribu kuufunga kwa waya lakini wapi. Kama kuna mwenye mguu wa zamani asioutumia, naomba aniazime mpaka Jumamosi."

Aliyeandika ni shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Mchana hupiga mihuri kwenye dirisha la vifurushi pale posta, na jioni za Jumatatu na Alhamisi hupiga ngoma kwenye bendi yetu ya harusi. Posta na kwenye bendi wanamwita Kishindo. Sasa, ile pedali ya kukanyaga, inayorusha kirungu kikaipige ngoma kubwa, sisi katika bendi hatujawahi kuiita pedali. Tunaiita mguu. "Tia mguu mafuta." "Nani ameukalia mguu?" Ni maneno yetu ya kila siku na hakuna anayeyacheka. Shida ni kwamba jioni ile Kishindo alikuwa amechoka, akaupeleka ujumbe wake kwenye kundi la ukoo badala ya kundi la bendi, akazima simu, akalala.

Kufika asubuhi ulikuwa umejibiwa mara hamsini na mbili. Baba yetu mdogo, mtu wa kulichukua kila neno lilivyo, aliandika: "Pole sana mke wetu. Mimi miguu yangu yote miwili bado naitumia." Mimi nilipoamka nikaandika haraka: "Msihangaike, ni mguu wa ngoma." Dada yangu mdogo akajibu papo hapo: "Kweli kabisa kaka, ule ulikuwa mguu wa ngoma! Alivyocheza siku ya harusi yangu, nani amesahau?" Chini yake zikafuatana nyuso kumi na saba za kulia. Nikaona nikiongeza neno nitazidisha msiba.

Ili ieleweke kwa nini mtu mzima aombe mguu kwa unyonge namna ile, lazima nieleze habari ya kitufe.

Kiongozi wetu, ambaye anapiga tarumbeta, alifundisha hesabu miaka thelathini, na mpaka leo tunamwita Mwalimu. Mpiga kinanda wetu ni kijana mwenye kinanda kipya, na kinanda hicho kina kitufe ambacho ukikibonyeza ngoma zote zinajipiga zenyewe. Hazichoki, haziendi kliniki, hazikosei. Kijana alikuwa akikisifu kitufe hicho mno mpaka jina likamganda yeye mwenyewe. Wiki tatu kabla ya mambo haya, Mwalimu aliweka tarumbeta chini katikati ya mazoezi.

"Kishindo, mguu wako unachelewa."

"Unachelewa kiasi gani, Mwalimu?"

"Kidogo. Lakini hata hesabu ikikosewa kidogo imekosewa. Wageni hawajui ni nini, wanajikuta tu wamekaa kwenye viti wanatazama sahani." Akafuta mdomo wa tarumbeta. "Harusi ya tarehe kumi na mbili ikienda hivi, ngoma atazipiga Kitufe. Wewe utashika manyanga."

"Manyanga?" alisema Kishindo. "Mimi?"

Kwa mtu aliyekalia ngoma miaka kumi na moja, kupewa manyanga ni kama dereva wa basi kuambiwa aje nyuma apige honi ya mdomo.

Kishindo hakukubali kwamba kosa ni lake. Alisema kosa ni la mguu, na akaanza kutafuta mwingine. Duka la vyombo vya muziki walimpa mmoja wa kujaribu kwa siku mbili, wenye mnyororo kama wa baiskeli. Ulikuwa mwepesi kupita kiasi. Ukiuwazia tu umeshapiga, halafu unarudi na kupiga tena bila kuulizwa. Akaurudisha. Mpiga ngoma wa kanisa moja akamwazima wa kwake, ambao ulikuwa na tabia ya kulia kama mlango, na ulilia hasa kwenye nyimbo za taratibu, maharusi wanapotazamana. Akaurudisha na huo. Mwisho akamwendea fundi wa kuchomelea mageti, naye akamtengenezea mguu kwa bawaba na vyuma vilivyobaki. "Huu mama," fundi alimwambia kwa fahari, "utawarithisha wajukuu." Hilo halikuwa na ubishi. Ila kuukanyaga ilibidi asimame.

"Mchagua jembe si mkulima," Kitufe alimwambia alipouona ule wa chuma.

"Na asiye na jembe kabisa, anayebonyeza tu, tumwiteje?" Kishindo akamjibu. "Mkulima wa kidole?"

Tulicheka, lakini ukweli ulikuwa ukweli. Kwa miguu yote mitatu, mpigo wa ngoma kubwa ulikuja ukiwa umechelewa vilevile, na baada ya saa moja alikuwa akijishika nyonga. Akarudia mguu wake wa zamani. Jumatatu ile, siku tano kabla ya harusi, mkanda wake wa ngozi ukakatika katikati ya wimbo wa tatu.

Turudi kwenye Jumanne asubuhi. Kaka yangu alikuwa safarini na lori, mahali ambapo simu haishiki. Kwa hiyo saa tatu kasoro shangazi yetu na mama walinipitia kazini, wakaniambia niwapeleke "alipolazwa." Mama alikuwa na mfuko wenye shuka na chupa ya chai. Shangazi alikuwa amebeba magongo mawili.

"Shangazi, nisikilize kwanza. Hajalazwa. Yuko kazini."

"Kazini!" Shangazi alisimama pale barabarani. "Mguu umekatika jana, leo yuko kazini?"

"Mguu wenyewe si wa..."

"Wewe tangu mdogo ni mtu wa kupoza mambo. Tangulia."

Pale posta kwenye dirisha la vifurushi kuna kaunta ndefu ya mbao, na juu yake kioo. Aliyeko ndani unamwona kuanzia kifuani tu. Foleni ilikuwa na watu kama tisa. Kishindo alikuwa amekaa, kichwa kimeinama, anapiga mihuri: tap, tap-tap, tap. Shangazi alimtazama kwa muda, machozi yakaanza kumlenga. Kisha akaipita foleni nzima.

"Meneja yuko wapi?"

Meneja, mtu mpole mwenye miwani, akatokea na kalamu sikioni.

"Bwana mkubwa, wewe una mama?"

"Ninaye, mama."

"Angekatwa mguu jana, leo ungemkalisha hapa agonge mihuri?"

Mzee mmoja aliyekuwa na kifurushi kichwani akakishusha. Meneja alimtazama Kishindo, akatazama magongo, akarudi kumtazama Kishindo, na nadhani hata yeye, baada ya miaka minane ya kufanya naye kazi, aliingiwa na shaka.

"Amekatwa mguu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Shangazi?" Kishindo alikuwa ameinua kichwa. "Mama? Kuna nini? Nani amefariki?"

"Usiinuke mwanangu! Usiinuke!"

Lakini alishainuka. Akafungua kijimlango cha pembeni, akatoka akiwa na miguu miwili, viatu viwili na muhuri mkononi. Nilimnong'oneza maneno manne, "Ujumbe ulikwenda kwa ukoo," akashika mdomo. Halafu akaanza kucheka, mzee wa kifurushi naye akaanza, ikawa foleni nzima. Mama alikaa kwenye benchi akajimiminia chai.

Shangazi peke yake hakucheka. Aliinama akaitazama miguu ile mmoja mmoja.

"Kwa hiyo ni miwili."

"Ni miwili, shangazi. Samahani."

"Na mimi nimemwamsha fundi wa miguu ya bandia kule hospitali, nyumbani kwake, hata uso hajanawa. Nimempigia magoti. Ameniazima magongo haya, na kesho saa nne amekuandika wa kwanza, mbele ya watu waliosubiri miezi." Akanyoosha kidole. "Mimi sirudi kwa mtu wa watu kumwambia nilidanganya. Utakwenda mwenyewe na huo mguu wako, uumweleze."

Kwa umri wa shangazi hakuna rufaa. Jumatano saa nne kasoro tulikuwa watatu kwenye benchi la karakana ya hospitali: Kishindo, shangazi na mimi niliyebeba magongo. Ukutani ilining'inia miguu ya kila saizi, na hewa ilinuka gundi na ngozi mpya. Fundi alikuwa mtu mwembamba, mkavu, mwenye aproni. Alifungua daftari.

"Mguu wa kulia, umekatika," alisoma. "Uko wapi?"

Kishindo akafungua mkoba, akautoa mguu, akauweka mezani. Springi ililia kidogo ukatulia.

Fundi aliutazama kwa muda mrefu. Hakucheka wala hakukunja uso.

"Ulikatika lini?"

"Jumatatu jioni. Wimbo wa tatu."

"Una maumivu?"

"Ninayo kwa kiongozi wa bendi."

"Hayo sina dawa yake." Akauinua, akaugeuza, akaukanyaga kwa kiganja. "Mkanda wa ngozi tu. Mikanda ya aina hii mimi nashona kila siku. Chuma ni kizima, springi ni nzima. Huu mguu hauna shida. Kwa nini unataka kuuacha?"

"Unachelewa."

"Mguu hauchelewi mama. Kaa hapo, nionyeshe unavyokanyaga."

Akafunga ule mkanda kwa kipande cha kamba, akaegemeza pipa la plasta badala ya ngoma. Kishindo akakalia stuli akaanza kupiga. Shangazi alitikisa kichwa kwa kuufuata mpigo. Fundi hakulitazama pipa kabisa. Alipiga goti akawa anatazama kisigino cha Kishindo, kisha goti lake, kisha bega. Akamsimamisha. Akampima kwa futi ya kamba kuanzia mfupa wa nyonga hadi kifundo, upande wa kulia, upande wa kushoto, akarudia kulia. Akaandika.

"Mama, mguu wa chuma ni mzima. Huu wa nyama ndio mfupi."

"Mfupi kuliko upi?"

"Kuliko mwenzake. Sentimita moja na nusu. Umezaliwa nao hivyo. Kisigino chako hakikai pale kinapotakiwa, kwa hiyo kabla ya kukanyaga unautafuta mguu kwa vidole, kama mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda. Kule kutafuta ndiko kunakokuchelewesha. Nitakuinulia hapa nyuma kwa tabaka za ngozi ngumu, na mkanda nao niufupishe. Jumamosi asubuhi gundi itakuwa imekauka."

Nilidhani atashukuru. Lakini Kishindo alikuwa amenuna. "Miaka arobaini na sita natembea. Hakuna mtu amewahi kuniambia mimi mfupi upande."

"Ah!" shangazi akapiga mapaja. "Nilijua! Siku unaingia ukumbini na shela lako nilimwambia mama yake huyu, huyu bibi harusi anachechemea. Wakaninyamazisha. Wakasema yale ni maringo!"

"Shangazi."

"Yalikuwa maringo ya sentimita moja na nusu!"

Kishindo aliuchukua mguu wake mezani, akausokomeza mkobani na kamba yake ileile, akamuaga fundi kwa heshima, akatoka. Kwenye ukumbi wa hospitali nilimwona, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake, anajitahidi kutembea sawasawa. Alikuwa kama mtu anayevuka sakafu iliyopigwa deki.

Siku nzima ya Alhamisi hakusema na mtu. Hakuja mazoezini, alituma neno kwamba mguu umefungwa kwa kamba na utavumilia. Mwalimu alisikia, akamwambia Kitufe aje Jumamosi na waya mrefu wa umeme. Waya mrefu maana yake tuliielewa wote: ngoma zitajipiga zenyewe.

Jioni ile nilipita kumwona nikamkuta sebuleni, mguu uko sakafuni, anaukanyaga huku anajitazama kisigino. Simu ikalia. Alikuwa kaka yangu, amefika mahali penye mtandao na kukuta habari za mkewe kukatwa, kufufuka na kupimwa zote kwa pamoja. Kishindo akaiweka kwa sauti ya nje, kwa sababu mikono yake ilikuwa na mafuta ya mashine.

"Ati wanasema mfupi upande," alimwambia, na sauti haikuwa ya mzaha.

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Tangu unapanda ngazi za nyumbani kwenu, kabla sijakuoa. Ukipanda hesabu inaruka kidogo. Nilikuwa nikisikia hatua nyingi ngazini, lakini zako nazijua kabla sijakuona."

"Mbona hukuniambia miaka yote hiyo?"

"Ningekuambia ungerekebisha. Halafu mimi ningekujuaje?"

Kishindo aliufuta mguu kwa kitambaa, akaufuta tena mahali palipokuwa pasafi.

"Lakini nyumbani ni nyumbani," kaka yangu akaendelea. "Kule ukumbini hakuna ngazi. Unataka kupiga ngoma au unataka manyanga?"

"Nani kakwambia habari za manyanga?"

"Kundi zima la ukoo linajua. Baba mdogo ameuliza manyanga yanakaa mguu gani."

Ijumaa kabla ya kufungua dirisha lake Kishindo alipita karakana, akauacha mguu mezani bila maelezo. Fundi naye hakuuliza. Jumamosi asubuhi tuliuchukua. Mkanda mpya ulikuwa umeshonwa kwa uzi maradufu, na nyuma, pale pa kisigino, pameinuliwa kama soli ya kiatu kizuri. "Usiutafute," fundi alimwambia. "Uko palepale. Kanyaga tu."

Hakukuwa na muda wa mazoezi. Tulifunga vyombo ukumbini, wageni wakaingia, maharusi wakakaa. Kinanda kilikuwa kimeshachomekwa kwa ule waya mrefu. Kitufe alimpungia Kishindo kwa kidole kimoja, kile cha kubonyezea. Mwalimu akahesabu, tukaanza.

Ilikuwa aibu. Sijui niieleze vipi. Ngoma kubwa ilipiga, na nota yangu ya gitaa la besi ikaja nyuma yake kama mtu aliyeachwa na gari. Gitaa la pili likanifuata mimi, kinanda kikafuata gitaa, tukawa tunaburutana. Nilimtazama Kishindo, naye akanitazama kwa mshangao, lakini mguu wake haukuyumba. Wageni wakatazama sahani. Wimbo ulipokwisha makofi yalikuwa ya watu wanne, na watatu walikuwa wa ukoo wa bibi harusi.

Mwalimu hupiga akiwa ameelekea wageni. Hakugeuka. Alisema kwa pembe ya mdomo: "Kitufe, jiandae."

Nikaona mikono ya Kishindo inabana vijiti. Kabla Mwalimu hajahesabu alikanyaga mara nne peke yake, taratibu, huku akinikazia macho. Ndipo nikaelewa. Sikuwa nampata kwa sababu miaka yote kumi na moja nilikuwa namsubiri. Kila mpigo wake ulipochelewa, mkono wangu ulijifunza kuchelewa naye, na bendi nzima ikajifunza kwangu. Yeye alikuwa amepona asubuhi ile, na sisi tulikuwa bado tunaumwa ugonjwa wake.

Wimbo wa pili nikaacha kumsubiri. Niliitupa nota pale mguu unapoanguka, ikakaa. Mpiga gitaa la pili akashtuka, akaja. Kufika kiitikio, mama mmoja wa meza ya mbele alisimama na kijiko mkononi. Kisha meza nzima. Bwana harusi akamvuta mkewe, na wajomba wawili wanene wakavua makoti. Sakafu ya ukumbi ikawa inatikisika kwa chini, dum, dum, sawasawa kabisa kila mara, kama kitu kilichopimwa.

Mwalimu alisogea hadi kwenye kinanda bila kugeuka, tarumbeta kwapani.

"Nani amekuambia uwashe?" alimfokea Kitufe. "Nimesema jiandae, sijasema washa!"

"Sijawasha, Mwalimu."

"Zima hiyo!"

"Mwalimu, mikono yangu hii hapa." Kijana akainua yote miwili juu, kinanda kikanyamaza, na ngoma zikaendelea. "Siyo mimi. Ni yule."

Mwalimu akageuka. Alimtazama Kishindo usoni kwanza, kisha akainama kidogo mpaka akauona mguu unavyokwenda. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Alihesabu kama mistari minane, akitafuta kosa, kisha akarudi mahali pake akapiga tarumbeta juu kuliko nilivyowahi kumsikia.

Mapumzikoni alimwendea Kishindo aliyekuwa anajifuta jasho.

"Harusi tatu za mwezi ujao," alisema, "utakuwepo?"

"Kwenye kiti gani, Mwalimu?"

"Kwani kuna kingine?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, besi. Wimbo wa kwanza ulikuwa unachelewa. Kidogo, lakini unachelewa."

Nilimweleza mambo ya kumsubiri shemeji miaka kumi na moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wasiofanya kazi za nyumbani, akasema maelezo ni mazuri lakini jibu bado si sahihi.

Siku hizi ninafika mazoezini nusu saa kabla ya wenzangu. Kishindo anakuwa ameshakaa. Anapiga mguu peke yake, bila vijiti, mikono ameikunja kifuani, na mimi kazi yangu ni kuangukia palepale. Nikipatia mistari kumi mfululizo bila kuchelewa, hanisifu. Anaongeza mwendo.